Kuuzunguka Mgongo wa Dar es Salaam kwa Miguu

Matembezi ya duara, yaani matembezi yanayoanzia na kuishia mahali pamoja bila mtembezi kurudi kwa njia aliyoendea, ni desturi iliyozoeleka mashambani mwa Uingereza na Ujerumani, ambako vijia vinavyopanda vilima, kupita kwenye magofu ya ngome na kufuata kingo za mito vimewekewa vibao na kulindwa kwa sheria. Dar es Salaam haina njia ya namna hiyo iliyotambuliwa rasmi, ingawa wakazi wake wengi huenda kazini, sokoni na shuleni kwa miguu kila siku. Hata hivyo, mambo matatu yanayotafutwa na watembezi wa mashambani, yaani mwinuko, gofu na mto, yamo yote ndani ya mzunguko wa kilomita zipatazo 12 unaoanzia mbele ya bandari, kukata Kariakoo, kushuka Jangwani, kuambaa ukingo wa Upanga hadi baharini na kurejea Kivukoni. Mazungumzo haya yanakusudia kuueleza mzunguko huo na kutetea hoja moja, kwamba kitovu cha jiji hili hakieleweki vizuri mpaka kimezungukwa kwa miguu, kwa sababu umbo la ardhi, ambalo abiria wa daladala halihisi, ndilo lililoamua kwa kiasi kikubwa nani akae wapi na maji yaende wapi.

Umbo hilo linahitaji kuelezwa kwanza. Kitovu cha Dar es Salaam kimekaa juu ya mgongo mpana wa ardhi ulio kati ya mabonde mawili. Upande wa kusini ni bandari yenyewe, ambayo kwa asili ni bonde la mto lililozama: katika enzi ya mwisho ya barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko ulivyo sasa, na mito iliyoteremka kutoka bara ilichimba mabonde yenye kina kirefu, barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda na kuyajaza, ndipo ikapatikana hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, yenye mlango mwembamba na maji matulivu kwa ndani. Mito ya Kizinga na Mzinga ingali inamwaga maji yake humo hadi leo. Upande wa kaskazini ni bonde la Msimbazi, mto unaoanzia katika vilima vya Pugu, Kisarawe, na kuingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Bonde la kwanza lilibaki na maji ya kutosha meli, la pili likajaa mchanga na tope. La kwanza likawa bandari ya nchi nzima, la pili likaachwa kuwa makazi ya watu wasio na pa kwenda. Mgongo uliopo katikati, ambao karibu na bahari ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoinuka na kwa ndani umefunikwa na mchanga, una mwinuko wa mita chache tu, na mtu aliyezoea Usambara au Uluguru hawezi kuuita kilima. Lakini mita hizo chache zimefanya kazi kubwa.

Mzunguko unaanzia Boma la Kale, katika Barabara ya Sokoine, mkabala na gati za bandari. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1866 na 1867, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akiusimika mji mpya jirani na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima wa Kishomvi na Kizaramo. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo, na dari zake zimebebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa na kunyooshwa kwa ajili ya ujenzi. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikivuka urefu fulani, vyumba vya majengo ya namna hii kote pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni vyembamba na virefu, upana wake ukiwa mita mbili na nusu au tatu hivi. Mtembezi anayeingia humo anapaswa kuyaweka moyoni mambo hayo mawili, mwamba na mkoko, kwani atakutana navyo tena vikiwa mahali pake pa asili kilomita kadhaa mbele, kwenye mlango wa Msimbazi na kwenye miamba ya pwani.

Ikumbukwe kwamba Boma la Kale si gofu, bali ni jengo lililonusurika. Anayetaka magofu ya kale kwa maana kamili ya neno atalazimika kwenda Kunduchi, kaskazini mwa jiji, ambako uko msikiti uliobomoka pamoja na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China, au asafiri hadi Kaole karibu na Bagamoyo, ambako historia inarudi nyuma hadi karne ya 13. Ndani ya mji wa Majid magofu ni ya aina nyingine. Sultani huyo alifariki mwaka 1870 kabla mji haujakamilika, nduguye Barghash hakuuendeleza, na kwa takriban miaka 20 majumba ya mawe yaliyokuwa yameanzwa yaliachwa yakibomoka katikati ya vichaka, mpaka Wajerumani walipofika mwaka 1887 na hatimaye kuufanya mji huo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakiyahamisha kutoka Bagamoyo. Mji huu, kwa hiyo, ulipata magofu yake kabla haujapata wakazi wa kutosha, na majengo mengi ya enzi hiyo yaliyovumilia karne nzima yamebomolewa katika miongo ya karibuni kupisha maghorofa. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwani jengo la matumbawe likishabomolewa halijengeki tena: mafundi wake wamepungua, boriti zimeadimika, na kiwanja chake kimekwisha kupanda bei.

Kutoka Boma mtembezi anaelekea magharibi kwa Barabara ya Sokoine hadi Stesheni, kituo cha Reli ya Kati. Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kikwazo chake cha kwanza kilikuwa vile vile vilima vya Pugu ambavyo Msimbazi unatiririka kutoka kwavyo. Pugu ndivyo vilima halisi vya Dar es Salaam, vikifikia zaidi ya mita 200 juu ya usawa wa bahari, vikiwa na mabaki ya msitu wa asili wa pwani na udongo mweupe wa kaolini unaotumika kutengeneza vyombo vya kauri. Wakati wa kiangazi mtu anaweza kuvifikiria kuwa mbali na visivyohusika na mitaa ya mjini. Masika hukumbusha vinginevyo, kwani mvua inayonyesha Pugu asubuhi hufika Jangwani siku hiyo hiyo ikiwa imebeba mchanga, na mzunguko unaoelezwa hapa ni kipande cha chini tu cha mzunguko mkubwa zaidi wa maji kutoka vilimani hadi baharini.

Baada ya Stesheni, kwa kupitia Mnara wa Saa uliosimamishwa mwaka 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji, njia inafika Mnazi Mmoja. Uwanja huu wa wazi unaonekana leo kama bustani ya kawaida ya mapumziko na sherehe za kitaifa, ukiwa na mnara wa Mwenge wa Uhuru na vivuli vya miti, lakini asili yake ni ya kikatili kuliko sura yake. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, na baadaye mipango ya Waingereza ya miaka ya 1920, ziligawa mji katika kanda tatu kwa kisingizio cha aina ya majengo: Uzunguni palipokuwa na nyumba kubwa zenye bustani upande wa mashariki, karibu na upepo wa bahari; Uhindini palipokuwa na maduka na nyumba za ghorofa katikati; na makazi ya Waafrika upande wa magharibi. Kati ya kanda ya pili na ya tatu liliachwa eneo lisilojengwa, lililohalalishwa kwa hoja za afya, kwamba mbu hawataweza kulivuka na kuipeleka malaria kwa wasio Waafrika. Robert Koch, mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa amefanya utafiti wa malaria katika koloni hilo mwishoni mwa karne ya 19, na sayansi changa ya ugonjwa huo ikatumiwa upesi kuchora mipaka ya watu. Mbu, kama inavyojulikana, hawakuiheshimu mipaka hiyo.

Mtembezi akivuka Mnazi Mmoja kwa mwendo wa dakika tano tu anakuwa ameupita mpaka uliokusudiwa kutenganisha jamii nzima. Na ni jambo la kutafakariwa kwamba Mtaa wa Lumumba, ulio ukingoni mwa uwanja huo kwa upande wa Kariakoo, ndiko lilikokuwa jengo la Chama cha Waafrika, ambamo TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954. Siasa iliyouondoa ukoloni ilianzia mahali ambapo ukoloni ulikuwa umechora mstari wake ulio wazi zaidi.

Kariakoo inastahili kutembelewa polepole, ingawa umati wa watu, mikokoteni na pikipiki hauruhusu upole huo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa shamba la minazi la Mjerumani aitwaye Schoeller, na serikali ya Kijerumani ililinunua ili kuweka mji wa Waafrika uliopimwa kwa mitaa iliyonyooka na kukatana kwa pembe mraba. Mpango huo ndio unaomsaidia mgeni asipotee hata leo, kwani akiufuata Mtaa wa Kongo, wa Sikukuu, wa Nyamwezi, wa Swahili au wa Msimbazi anakwenda upande mmoja bila kupinda, na akiufuata wa Mkunguni, wa Tandamti au wa Narung'ombe anaikata ile ya kwanza. Vita vilipoanza jengo la soko lilikuwa limeanza kusimama. Waingereza walipouteka mji mnamo Septemba 1916 walilifanya eneo hilo kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina la kikosi likabaki kuwa jina la mtaa. Wapagazi hao, waliochukuliwa wengi wao kwa nguvu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki kubeba chakula na risasi mahali ambapo wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, walifariki kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria kuliko kwa risasi za adui.

Nyumba zilizojengwa kwenye viwanja vya Kariakoo baada ya vita hivyo ni za aina inayojulikana kama nyumba ya Kiswahili, na kwa kuwa kizazi kinachokua sasa huenda kisiione, inafaa ielezwe. Mbele yake huwa na baraza ya kukalia, katikati hupita ukumbi mrefu, kila upande wa ukumbi hupangwa vyumba vitatu, na nyuma huwa na uani wenye jiko, choo, kisima au bomba na kamba za kuanikia. Mwenye nyumba aliweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vingine, ndiyo maana nyumba hiyo iliweza kumpokea Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mngazija chini ya paa moja, na Kiswahili cha mjini kikakua uani. Nyumba hizo ndizo magofu ya kweli ya mzunguko huu. Zilizobaki zimebanwa kati ya maghorofa, baraza zikiwa zimegeuzwa maduka na kuta zake zikilowa maji yanayochuruzika kutoka kwa majirani warefu, nazo hupungua mwaka hadi mwaka. Hakuna mtu mwenye haki ya kumlaumu mwenye kiwanja kwa kukiuza, kwa kuwa ghorofa moja huwapa riziki watu wengi, lakini mji unaotoza kodi kwa kila chumba cha duka la Kariakoo ungeweza kuhifadhi walau safu moja ya nyumba hizo, pamoja na uani wake, kabla safu hiyo haijakosekana. Kasi ya ujenzi nayo ina hatari zake, kama ilivyodhihirika mnamo Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu.

Katikati ya mitaa hiyo liko soko kuu, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki kusomea na kuendesha kazi ya usanifu majengo. Soko hilo lilijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 na kufunguliwa mwaka 1975, na paa lake la zege limeundwa kwa miavuli mikubwa iliyopinduliwa, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake. Umbo hilo halikuwa pambo tu. Hewa moto hupanda na kutokea kwenye nafasi zilizo kati ya miavuli, mwanga huingia bila jua kali kuwachoma wachuuzi, na maji ya mvua hukusanyika katikati ya kila mwavuli na kushuka kwa ndani hadi kwenye matangi yaliyo chini ya jengo, huku shimoni, kama wafanyabiashara wanavyoiita sakafu ya chini ya ardhi, ikibaki baridi kwa ajili ya bidhaa za jumla. Soko liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 na kuwaathiri wafanyabiashara wengi, na ukarabati ukafuata. Katika mazungumzo yanayohusu maji yanakwenda wapi, soko la Amuli lina nafasi ya pekee, kwa sababu linaonyesha kwamba tangu nusu karne iliyopita alikuwapo Mtanzania aliyefikiri kwamba mvua ya Dar es Salaam ni mali ya kuwekwa akiba, si balaa la kufukuzwa hadi bondeni.

Bonde lenyewe liko karibu. Kwa kufuata Mtaa wa Msimbazi kuelekea kaskazini mtembezi anafika kwenye makutano ya Fire, na akigeukia Barabara ya Morogoro upande wa kushoto ataihisi ardhi ikishuka chini ya nyayo zake, mteremko mfupi ambao ndani ya basi la mwendokasi hauonekani kabisa. Hapo ndipo mgongo wa jiji unapokwisha na Jangwani inapoanza: uwanda mpana, tambarare, wenye magugu, mchanga, vibanda na viwanja vya mpira, ambamo Msimbazi unapita ukiwa mwembamba wakati wa kiangazi hata asiyejua anaweza kuudharau. Uwanda huo kitaalamu ni uwanda wa mafuriko, yaani ardhi ambayo mto umejitengenezea wenyewe kwa kumwaga mchanga kila ulipofurika, na ambayo kwa sababu hiyo ni sehemu ya mto hata siku ambazo haina maji.

Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Msimbazi umejazwa. Misitu ya Pugu na miteremko ya Kisarawe, Gongo la Mboto na Ukonga imefyekwa na kujengwa. Mvua inayoanguka juu ya mabati, lami na nyua za saruji hukosa pa kunywea, hivyo hukimbia kwa pamoja. Mchanga unaosombwa na maji hayo hutua pale kasi inapopungua, na kasi hupungua Jangwani, mahali ambapo tena bahari inayojaa huyazuia maji ya mto yasitoke upesi. Kitanda cha mto huinuka kila masika, daraja hubaki na uwazi mdogo chini yake, na barabara kuu ya kutoka mjini kwenda bara hufungwa. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wasiopungua 40 jijini, na kaya nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba zilizobaki ziliwekwa alama ya X na nyingi kubomolewa. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa bondeni humo humo kabla ya huduma kuanza mwaka 2016, nayo imefurika mara nyingi. Waliobomolewa nyumba waliambiwa kwamba bonde halifai kujengwa, na kauli hiyo ilikuwa ya kweli. Ingekuwa na nguvu zaidi ya kimaadili kama ingetamkwa kwa sauti ile ile kwa wenye vibanda na kwa wenye miradi mikubwa.

Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unakusudia kuliinua Daraja la Jangwani, kuupanua na kuuchimba mkondo, kurudisha uoto katika sehemu za juu na kuligeuza eneo la chini kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika bila madhara. Kwa upande wa mtembezi jambo la msingi katika mpango wote huo ni dogo na la gharama nafuu: kijia cha miguu kinachoendelea bila kukatika kutoka Jangwani hadi baharini. Kwa sasa kijia hicho hakipo. Mtu aliyeshuka hadi darajani analazimika kupanda tena Fire kwa njia aliyoshukia, na kipande hicho kifupi ndicho pekee kinachoharibu ukamilifu wa duara. Bustani ikijengwa bila kijia hicho, ikawa ni sehemu za kuingia kwa gari na kutokea pale pale, mji utakuwa umepata uwanja mwingine mzuri na kupoteza nafasi ya kuyaunganisha tena maeneo ambayo ramani za kikoloni ziliyatenga na mto ukayamalizia.

Kutoka Fire njia inafuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, inayopita juu ya ukingo wa Upanga, karibu na Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambayo moja ya majengo yake ya wodi lina jina la Sewa Haji, mfanyabiashara Mwismailia wa karne ya 19 aliyetoa mali yake kwa ajili ya hospitali ya wagonjwa wa rangi zote wakati ambapo wazo hilo halikupendwa. Upande wa kushoto, katika mianya kati ya majengo, bonde huonekana likizidi kupanuka na kubadilika rangi, kutoka kahawia ya mchanga hadi kijani cha mikoko. Sehemu hii ni ya kutembelewa haraka, isipokuwa mwisho wake, penye Daraja la Selander, ambapo inafaa kusimama.

Daraja hilo, lenye jina la mhandisi John Einar Selander aliyeongoza idara ya kazi za umma wakati wa Waingereza, ndilo lililoifungulia Oyster Bay kuwa makazi ya Wazungu waliotaka kuzidi kujitenga na mji. Leo magari ni mengi mno kiasi kwamba watu hawatazami chini, na hapo chini ndipo ulipo mlango wa Msimbazi, mahali ambapo maji matamu na maji ya chumvi huchanganyika kila siku mara mbili. Mikoko iliyopo inavumilia mahali hapo kwa maumbile ya ajabu: mchu huchomoza mizizi midogo iliyo wima kutoka kwenye tope ili ipate hewa, na mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda mfano wa miguu. Mizizi hiyo hukamata mchanga, hupunguza nguvu za mawimbi na kuwapa kaa na vitoto vya samaki maficho. Ndiyo jamii ile ile ya miti iliyobeba dari za Boma la Kale, na kuiona ikiwa imezingirwa na mifuko ya plastiki na maji machafu ya mji mzima ni fedheha ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanaishiriki kwa pamoja, kwa kuwa hakuna mtaa wa bonde lile usiochangia. Mbele zaidi, baharini, linaonekana Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo linauvuka mlango huo huo kwa juu ya maji.

Kuanzia hapo bahari huwa kushoto kwa mtembezi. Barabara ya Barack Obama, iliyokuwa ikiitwa Ocean Road, inaambaa ukingo wa mwamba wa matumbawe, na maji yakipwa mwamba huo huonekana wazi ukiwa na mashimo makali na alama za viumbe vya bahari vilivyoujenga, jiwe lile lile la kuta za Boma likiwa bado mahali pake. Upepo wa kusi au wa kaskazi, kulingana na majira, huvuma bila kizuizi, na ndio ulioifanya serikali ya Kijerumani ijenge hospitali ya Wazungu hapo mwaka 1897. Sasa jengo hilo ni sehemu ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na wagonjwa kutoka mikoa yote wananufaika na upepo uliotengwa kwa ajili ya wachache. Bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940, na Ikulu, ambayo Waingereza waliijenga upya baada ya mizinga ya meli zao kuiharibu nyumba ya gavana wa Kijerumani wakati wa vita, zimeelezwa vya kutosha katika vitabu vya wageni. Itoshe kukumbusha kwamba kupiga picha Ikulu hakuruhusiwi.

Baada ya soko la samaki la Magogoni na kivuko cha Kigamboni pwani inapinda na kuwa mlango wa bandari, mwembamba kiasi kwamba meli kubwa ikipita mtu aliyeko ukingoni anaweza kuwaona mabaharia nyuso zao. Wembamba huo ulitumiwa na Wajerumani mwaka 1914 walipozamisha gudi lao lielealo ili kuwazuia Waingereza kuingia. Barabara ya Kivukoni hufuata ukingo wa bonde lililozama hadi makanisa mawili ya zama za Wajerumani, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yote yakiwa yamejengwa kuelekea mwanzo wa karne ya 20 ili yaonekane na anayeingia kwa meli.

Mtembezi ambaye miguu yake ina nguvu bado hana budi kupanda mtaa mmoja ndani, hadi Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali iliposimama awali sanamu ya gavana Hermann von Wissmann. Askari wa shaba anajulikana na kila mtu, lakini maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, hayawataji askari peke yao: yanawataja wapagazi pia. Hakuna sanamu ya mpagazi, na Kariakoo, penye kambi yao, hakuna kibao kinachoeleza habari zao. Umbali kati ya mahali hapo pawili hauzidi mwendo wa nusu saa, na kibao hicho, kikiwekwa pembeni mwa soko la Amuli, kingegharimu kidogo kuliko tangazo moja la biashara lililopo mtaani.

Kuhusu wakati, mzunguko wote huchukua saa nne hadi tano kwa mwendo wa kupumzika, na unafaa kuanzwa mapema alfajiri ili Kariakoo ipitwe maduka yakifunguliwa na mikokoteni ikiwa bado michache. Siku ya bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kupita kiasi cha kawaida, ni bora kuliko siku ya maji mafu, kwa kuwa tofauti ya maji hufikia zaidi ya mita tatu na mwamba wa Ocean Road hufichuka wote. Anayetaka kuuelewa Msimbazi aende mara mbili, mara moja mwezi Septemba wakati mto ni kijito, na mara ya pili mwishoni mwa Aprili, siku ile ile ya mvua kubwa, asimame juu penye mteremko wa Fire bila kushuka bondeni, na atazame kiasi cha ardhi ya Pugu kinachopita.